Sahani ya Mnyang'anyi

Hasira ya Gundula Brandhorst ilianzia kwenye yai. Yai la kuchemsha, alilolichemsha mwenyewe jikoni kwake mjini Herne kabla hakujapambazuka, akalifunga mwenyewe, akalibeba mwenyewe, na sasa alikuwa analimenya mwenyewe juu ya meza ya zege ya kituo cha kupumzikia, malori yakinguruma barabarani, huku mumewe ameketi mbele yake mikono mapajani, anangoja.

"Mutti," akasema mumewe. "Chumvi."

Chumvi ilikuwa karibu na kiwiko chake. Ingekuwa na meno ingemng'ata.

"Iko hapo, Vati," Gundula akajibu, na wakati anajibu mkono wake ulikuwa umeshaichukua na kuinyunyiza. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mdomo unakataa, mkono unatii.

Mutti. Neno hilo kwa watu wa kule ndilo la mtoto kumwitia mamaye, tena la mtoto aliyejikwaa na kuchubuka goti, anayetaka apulizwe. Mumewe alikuwa fundi wa lifti mstaafu, kitambi mbele, miwani ya kusomea ikining'inia kifuani, na magoti yake yote mawili yalikuwa mazima. Watoto wao wawili walikwishaondoka nyumbani siku nyingi. Heiko, yule mkubwa, alikuwa na nyumba yake na mkopo wake. Lakini humo ndani Mutti alibaki Mutti: Mutti, soksi ziko wapi. Mutti, simu inalia. Mutti, leo tunakula nini.

Najua, msomaji, unataka kunikatiza uniambie kwamba kwetu mke kuitwa mama ni heshima. Ni kweli, sibishi. Lakini kwetu mama ana mtu nyuma yake, ni Mama Saidi au Mama Neema, na hata hivyo jina alilozaliwa nalo lina wenyewe wanaolitaja kutwa: mashoga zake, mawifi zake, jirani anayeomba kiberiti. Gundula hakuwa na watu hao. Alikuwa Mutti mtupu, kama vile bomba ni bomba.

Zamani hakujali, kwa sababu alikuwa na kazi. Alikuwa msimamizi wa bwawa la kuogelea la manispaa, mwanamke wa kaptura nyeupe na kipyenga shingoni, na pale bwawani jina lake lilikuwa halipumziki. Gundula, bafu la wanawake limeziba. Gundula, kuna mtu anakimbia kwenye vigae. Gundula, njoo uone hawa vijana. Jina liligonga dari, likaanguka majini, likarudi. Mwenyewe alikuwa na sauti, na akipaza sauti hiyo bila hata kipyenga, bwawa zima lilishika ukingo. Wazee waliofundishwa kuogelea naye utotoni walikuja na wajukuu wao, wakawaonya mlangoni, "Huyo ndiye Gundula, msicheze naye." Alikuwa anajifanya hasikii, na moyoni anameremeta.

Masika hiyo alistaafu. Wenzake walimwokea keki kubwa na kuliandika jina lake juu kwa chokoleti. Ilipobaki nusu, ile nusu yenye jina, akaipeleka nyumbani. Jioni hiyo Vati aliiweka mapajani mbele ya televisheni, akala G, akala U, akaendelea mpaka mwisho, kisha akafuta masharubu. "Tamu sana, Mutti," akasema. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyelitaja tena jina la Gundula isipokuwa dada yake, Irmtraud.

Irmtraud alikuwa mjane anayeishi Flensburg, juu kabisa kaskazini, na chini ya nyumba yake kulikuwa na vyumba viwili vilivyoachwa na mpangaji. "Njoo uishi hapa, Gundula," alimwambia kwenye simu, na Gundula, aliyekuwa kwenye chumba cha kufulia akitoa suruali za Vati kwenye mashine, alijikuta anasimama tu na suruali mkononi, ameduwaa kwa kusikia jina lake. "Lakini nataka jibu Jumapili jioni. Nisipolipata, Jumatatu navitangaza gazetini."

"Utalipata," Gundula alimwambia. "Nitampa mpaka Jumapili. Akiniita kwa jina langu mara moja tu, bila kuombwa, nitabaki. Asiponiita, nafunga mizigo."

"Kwa nini usimwambie tu?"

"Mtu haombi jina lake, Irmtraud. Jina la kuomba ni sadaka."

Na ndipo Vati, asiyejua kitu, akaja na habari njema. Amepanga pumziko fupi, Ijumaa mpaka Jumapili, mjini Celle, wao wawili tu, mji mdogo, nyumba nzuri za mbao, kutembea taratibu na kula vizuri. "Wewe usifanye lolote, Mutti," alisema. "Wewe ni kupumzika tu." Akaenda zake kuosha gari. Gundula akapanga nguo za wote wawili, dawa za Vati za asubuhi na za jioni, mwavuli, chupa ya kahawa, na akachemsha mayai.

Gari nalo lilikuwa na jina. Liliitwa Berta. Vati alilibembeleza njia nzima. "Haya Berta, mlima huu mdogo tu. Aah, Berta wangu." Gundula alikaa pembeni na maganda ya mayai kwenye mfuko mapajani, akatazama mashamba yanayopita, na akawa anajiuliza gari limempa huyu mwanamume kitu gani ambacho yeye hajampa.

Walifikia kwenye nyumba ya wageni ya Bibi Ohlendorf, mama mmoja mkavu mwenye funguo kiunoni. Bibi Ohlendorf aliwakaribisha vizuri, "Bwana Brandhorst, Bibi Brandhorst, karibuni," na Gundula akaona afadhali, Bibi Brandhorst angalau lina sura ya mtu. Halikudumu. Vati alisimama katikati ya chumba, akaangalia kitanda chenye mifarishi miwili iliyokunjwa kila mmoja upande wake, akasema, "Mutti, wewe lala dirishani," na Bibi Ohlendorf akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Basi nitamletea Mutti mto wa pili," akasema.

Gundula akamtazama. Mama huyu alikuwa na umri uleule wa kwake, pengine kamzidi. Sasa Gundula amezaa mji mzima.

Jioni walikwenda kula kwenye mkahawa mmoja nyuma ya kanisa, ulikuwa msimu wa asparaga, mboga ya machipukizi marefu kama vidole, kila meza ina rundo la asparaga nyeupe na viazi na siagi iliyoyeyushwa. Mhudumu alikuwa msichana mrefu mwenye kibandiko kifuani. Vati akavaa miwani, akakisoma kile kibandiko, akafurahi.

"Svenja," akasema. "Jina zuri. Svenja, tuletee bia mbili. Svenja, hiyo nyama ya paja ina chumvi nyingi?"

Svenja hivi, Svenja vile. Jina la msichana aliyemwona sasa hivi linateleza mdomoni kama siagi. Gundula akamenya asparaga moja ngumu kwa kisu mpaka ikabaki uzi.

"Na Mutti je, anataka mchuzi zaidi?" Svenja akauliza, naye kalidaka.

"Mutti hataki kitu," Gundula akasema.

"Kachoka na safari," Vati akamweleza msichana. "Lakini huku atapumzika."

Jumamosi asubuhi, kwenye kifungua kinywa, Vati aliinama juu ya meza akanong'ona, "Mutti, tufungie ya mchana." Alimaanisha mikate. Watu wa kule wana tabia hiyo, wenye pesa na wasio nazo, ya kula mezani kwa wageni na kujifungia mikate miwili mitatu kwenye karatasi ya kufutia midomo, mwenye nyumba akigeuka. Vati aliipenda sana mikate hiyo na hakuwahi kuifunga hata siku moja. Aliyefunga ni Mutti. Aliyekamatwa pia ni Mutti, mkono ukiwa ndani ya mkoba na jibini inachungulia.

"Mutti anafikiria kila kitu," akasema Bibi Ohlendorf kwa sauti ya kusikika meza zote, na Vati akacheka pamoja na wengine. Gundula uso ulimwaka hadi masikioni. Mwizi mwenyewe alikuwa anakoroga kahawa.

Sokoni walipotezana. Ilikuwa siku ya soko, vibanda vimejaa mpaka chini ya ukumbi wa mji, Vati akasimama kwenye asali ya nyikani kuonja kila chupa, Gundula akachoka kusimama na mikoba akaenda zake. Akakaa kwenye meza ya nje ya duka la keki, akaagiza kipande cha keki ya unga mweusi yenye krimu na matunda mekundu machachu, na kwa mara ya kwanza tangu nyumbani akatia kitu mdomoni bila kumgawia mtu.

Ndipo akasikia. "Mutti!" Sauti inatoka kwenye asali. "Mutti! Mutti!"

Wanawake watatu waligeuka. Mmoja alikuwa na kikapu cha mayai, mmoja anapima viatu, wa tatu alikuwa kikongwe na fimbo yake, naye akageuka taratibu kwa uso wa mtu aliyezoea kuitwa kutoka kokote. Gundula hakugeuka. Alikata keki, akala. Alimwona Vati anapita kati ya vibanda, kashika chupa ya asali, anaita, na kila alipoita wanawake wapya waliinua vichwa. Moyoni alikuwa anamwambia: sema basi. Umenipoteza katikati ya akina mama wote wa Celle, sema ni yupi. Jina moja tu, mpumbavu wewe, na mimi nitasimama.

Vati hakusema. Alimwona mwenyewe, akaja anahema.

"Mutti, kwani husikii?"

"Ulikuwa unamwita nani?"

"Wewe."

"Wanawake watatu waligeuka. Nikadhani umepata mwingine."

Vati akaona ni utani, akacheka, akavuta kiti, akachukua uma wa mkewe na kukata keki yake. Masharubu yakaingia krimu. Gundula aliitazama ile krimu kwa muda. Kisha akatoa leso kwenye mkoba, akailamba ncha, akamshika mumewe kidevu mbele ya umati wa soko na kumfuta mdomo kwa nguvu, namna akina mama wanavyowafuta watoto kabla ya kupigwa picha. Hapo hasira yake ikapata njia. Unataka mama, akasema moyoni. Haya, utapata mama.

Mchana kutwa alimlea. Alimfunga vifungo vya koti mpaka kooni. Kwenye taa za barabarani, kile kijipicha cha mtu mwekundu kikiwa bado kinawaka na hakuna gari hata moja, alimkamata mkono na kumwambia, "Tunangoja wa kijani, tumeelewana?" Walipokuwa wanaingia kwenye bustani yenye njia ndefu ya miti, alimuuliza waziwazi, mbele ya wenye baiskeli, "Umekojoa? Nenda sasa, usije ukaniambia katikati ya njia." Alitegemea atamaka. Alitegemea mwanamume mzima, aliyepanda na kushuka ndani ya mashimo ya lifti maisha yake yote, atasimama na kusema, wewe mke, una nini leo.

Vati alienda kukojoa. Akarudi amefunga zipu, mchangamfu, akampa mkono mwenyewe washikane tena.

"Unaona," akasema, "pumziko limekufaa. Siku nyingi hujanijali hivi, Mutti."

Usiku Gundula alilala upande wa dirisha, kajiviringisha mfarishi wake peke yake, akasikiliza mkoromo wa mfarishi wa pili, na akawa anapanga vyumba vya Flensburg: kitanda hapa, redio pale, na mlangoni kibandiko cha jina. Alilala na hasira akaamka nayo.

Jumapili mchana walirudi kwenye mkahawa uleule kabla ya safari. Palikuwa pamejaa, watu wametoka kanisani, kwaya moja ya wanaume imekalia meza ndefu na makoti yao ya kijani. Svenja alileta menyu. Vati hakuifungua. Hakuwahi kufungua menyu akiwa na mkewe, yeye aliegemea nyuma na kusema, kama alivyosema sasa, "Mutti anajua ninachopenda."

Gundula akafungua ya kwake. Akapita supu, akapita samaki, akafika ukurasa wa mwisho wenye picha za dubu na maputo, ukurasa wa watoto. Na chini kabisa ya ukurasa huo, kama ilivyo kwenye mikahawa mingi ya kule, palikuwa na sahani ya mnyang'anyi. Hiyo ni sahani tupu. Mtoto asiyemaliza chakula huletewa sahani isiyo na kitu, kisu na uma, anyang'anye atakacho kwenye sahani za wazazi wake.

"Mimi nataka choma ya kondoo wa nyikani," Gundula akasema, "na viazi vya donge, na kabichi nyekundu."

"Na kwa Vati?" akauliza Svenja.

"Sahani ya mnyang'anyi."

Svenja akacheka kwa heshima. "Mjukuu yuko njiani?"

"Hakuna mjukuu. Ni ya huyu hapa."

Msichana alimtazama Vati, na Vati, aliyekuwa anaangalia kwaya, akatikisa kichwa kukubali bila kusikia alichokubali. Chakula kikaja. Mbele ya Gundula iliwekwa choma inayotoa moshi, mchuzi umejaa hadi ukingoni. Mbele ya mumewe iliwekwa sahani ndogo ya plastiki yenye picha ya mnyang'anyi mwenye chongo, na pembeni, kwa mazoea ya kazi, kikombe cha kalamu za rangi.

Vati aliangalia sahani. Akaangalia kalamu. Akacheka, "Hee, Mutti," na kungoja agawiwe.

Gundula akakata nyama, akatafuna.

"Mutti, mzaha umetosha. Nina njaa."

"Watoto hawaongei watu wanapokula."

Kwenye meza ya kwaya mtu mmoja akamgusa mwenzake kwa kiwiko. Svenja alikuwa amesimama na trei, hajui aende au abaki. Vati akaweka mikono mezani, akaiondoa, akazigeuza zile kalamu kana kwamba zingemsaidia. Masikio yakaanza kumwiva.

"Mutti," akasema chini chini. "Watu wanatuangalia."

"Kaa wima."

"Mutti."

Gundula akachovya kiazi kwenye mchuzi.

"Gundula," mumewe akasema.

Hakulisema kwa mapenzi. Alilisema kwa meno yaliyofungwa, kwa sauti nzito ya mtu aliyefedheheshwa, na mkono wake ulikuwa umekunja ngumi kando ya sahani ya plastiki. "Gundula, hii ni nini unanifanyia?"

Uma wa Gundula ukasimama njiani. Alikuwa ameliwazia jina hilo likitoka kwa namna nyingi, kwa upole, kwa kunong'ona, hata kwa usingizi. Hakuwahi kuliwazia hivi. Lakini lilikuwa lenyewe, lote, na halikuombwa.

"Abee," akasema.

"Abee nini?"

"Umeniita, nimeitika." Akaweka uma chini. "Ungechelewa kidogo tu, jioni hii ningemwambia Irmtraud kwamba nahamia kwake. Vyumba vipo. Kitanda nimeshakipanga kichwani. Gari unalijua jina, msichana huyu unamjua jina tangu juzi, na mimi umeniita nini miaka yote hii? Mimi si mama yako. Mama yako tulimzika, mimi ndiye niliyepika chakula cha msiba."

Vati alikuwa amepauka. Alikuwa hajui kitu kuhusu vyumba, na ilionekana usoni kwamba hakujua kitu chochote.

"Ni wewe uliyesema," akasema. "Heiko alipochelewa kuongea. Daktari alisema tuitane hivyo mbele yake, mtoto aige. Wewe ndiye uliyenisisitiza. Nilipokosea ulinifinya."

Gundula alikumbuka. Ilikuwa kweli, hata kule kufinya.

"Heiko ameshajua kuongea," akasema. "Heiko ana kipara."

Mmoja wa kwaya alikohoa ndani ya bia yake. Vati hakucheka. Aliisogeza ile sahani tupu mbele kidogo, na hasira ambayo haikuwahi kumkalia usoni siku zote, hasira ya mtu mpole, ikamjia polepole.

"Na mimi je?" akauliza.

"Wewe nini?"

"Mimi naitwa nani?"

"Vati, usianze."

"Haya, ndilo hilo. Vati. Vati, vua viatu. Vati, kunywa dawa. Juzi barabarani, Vati, chumvi iko hapo. Vati ni baba, Gundula. Mimi ni baba yako? Baba yako alikuwa anauza makaa." Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, akiinyooshea kidole ile picha ya mnyang'anyi badala ya kumnyooshea yeye. "Kaka yangu kafa. Kazini nimetoka kabla yako, na mimi sikuokewa keki. Wewe una Irmtraud wa kukuita. Mimi nani ananiita? Hata hilo gari nimelipa jina ili nyumbani kuwe na mtu mwenye jina."

Gundula alikuwa na majibu mengi. Alikuwa na miaka mizima ya majibu, ya soksi, ya mayai, ya mikate ndani ya mkoba, na yote yalikuwa ya haki. Lakini alipotafuta la kuanzia, alijikuta analitafuta jina la mumewe ili alitie mbele ya maneno, kama mtu anavyofanya akitaka kugomba sawasawa, na ulimi ukawa mzito. Jina alilijua. Halikutaka kutoka. Lilikaa kooni kama mwiba wa samaki, na kwa hilo alikasirika kuliko alivyokasirika tangu kwenye yai, na safari hii hakuwa na hakika anamkasirikia nani.

Vati akachukua uma wa mtoto, akaunyoosha hadi ng'ambo ya meza, akachoma kipande kikubwa cha nyama kwenye sahani ya mkewe na kukiweka kwenye yake. Akachukua na kiazi. Gundula hakumzuia. Alisukuma bakuli la mchuzi katikati ya meza, si mbele yake wala mbele ya mumewe, na wakala hivyo, kila mtu kwa mkono wake. Svenja alipokuja kuuliza kama kila kitu ni kizuri, wote wawili walisema ndiyo kwa wakati mmoja, kwa ukali.

Kwenye uwanja wa magari nyuma ya nyumba ya Bibi Ohlendorf, mumewe akawa anapakia mizigo kwenye buti, bila kuuliza nini kinakwenda wapi, kwa hiyo mwavuli aliuweka chini ya masanduku na chupa ya kahawa akailaza. Gundula aliona na hakusema. Simu ikaita mkobani.

"Jumapili imefika, Gundula," akasema Irmtraud. "Nangoja."

"Siji. Vitangaze."

"Kumbe kakuita?"

"Kaniita."

"Vizuri?"

"Vibaya. Lakini kaniita."

Irmtraud akavuta pumzi yake ndefu ya mjane. "Wewe ulikuwa umeshaamua, nimeshapima hata mapazia. Haya. Basi Vati kakushinda tena."

"Nani?"

"Vati."

"Irmtraud," Gundula akasema, na hasira yote ya siku tatu ikamkusanyikia kifuani, ya yai na ya krimu na ya wanawake watatu wa sokoni, "yule si baba yako. Wala si wangu. Ana jina."

"Mimi siku zote namwita hivyo hivyo. Wewe mwenyewe ndivyo unavyomwita. Haya, ana jina gani?"

Gundula akafungua mdomo, na jina likagoma palepale lilipogomea mkahawani. Akalisukuma kwa sauti aliyokuwa nayo, na sauti aliyokuwa nayo ilikuwa ile ya bwawani, ile ya kusimamisha watu majini. Iligonga ukuta wa nyumba ya Bibi Ohlendorf, ikavuka magari, ikarudi.

"Wendelin!"

Nyuma ya Berta kitu kilianguka. Kichwa cha mzee kikachomoza juu ya buti lililo wazi, miwani imeenda upande, mkono mmoja bado umeshika mwavuli.

"Naam," akaitika.